SOMO LA UFUNDI NA USALAMA: KUTU KATIKA PIKAPU YA ZAMANI



Katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na katika mashamba ya chai karibu na Fort Portal, pikapu kuukuu ni chombo cha kazi ya kila siku. Asubuhi hubeba mbolea, mchana hubeba vipuri, na usiku gari hilo hilo humwahisha mgonjwa hospitali. Kwa hiyo tusidhani kwamba kutu ni habari ya uzuri wa gari tu. Ni habari ya maisha ya wale wanaolipanda.

KUTU HUTOKEA VIPI?

Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani, huliwa na kugeuka kutu. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, kutu haitokei. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana mbolea za chumvichumvi, kama salfeti ya amonia na kloridi ya potasi, zikimwagika ndani ya gari na kupata unyevu, hula bati upesi kuliko mvua peke yake.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Kwa sababu hiyo huisukuma rangi kutoka chini. Tukiona rangi imefura kama lengelenge, tujue kwamba adui ameingia siku nyingi.

TUTAFUTE WAPI?

Tuanze chini, si juu. Tukague nyuma ya madigadi, chini ya milango, sakafu chini ya mikeka, maungio ya bati na kona za sanduku la mizigo. Kisha tulale chini tuitazame chesisi na paipu za breki. Tugonge chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti nzito ya kufa. Tujaribu pia kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo hapana chuma tena.

Wenye Land Rover za zamani wawe macho zaidi. Sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, nayo haishiki kutu nyekundu, hivyo gari laweza kuonekana zima. Lakini chesisi yake ni chuma chenye uwazi ndani, na huoza kutoka ndani kwenda nje.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Osha gari vizuri, chini na juu, uliache likauke kabisa. Rangi juu ya unyevu ni kazi bure.

2. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mkali hadi chuma king'ae. Vuka mpaka wa kutu, uingie kidogo kwenye rangi nzima, kwa maana kutu hutambaa chini ya rangi.

3. Vishimo vidogo visivyokwanguka vipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori. Dawa hii huigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu. Haiponyi bati lililotoboka.

4. Palipotoboka pakatwe hadi kwenye bati zima, kisha kiraka cha bati la unene ule ule kichomelewe. Chomelea nukta moja hapa, nyingine mbali, bati lisipinde kwa joto. Usizibe tundu kwa fila. Fila hunyonya maji, na chini yake kutu huendelea kula kwa siri.

5. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku ile ile, maana chuma kitupu huanza kutu baada ya muda mfupi. Ikikauka, paka rangi ya juu tabaka mbili au zaidi nyembamba.

HATARI KWA FUNDI

Kabla ya kuchomelea, ondoa waya za betri na utoe tangi la mafuta liwekwe mbali. Tangi tupu la petroli si salama: mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Usichomelee kiraka cha bati la kuezekea nyumba. Moshi wa zinki yake huleta homa na baridi kali saa chache baadaye. Rangi za zamani nazo huenda zina risasi, kwa hiyo tutumie msasa wa maji, tuzibe pua na mdomo kwa kinyago cha vumbi, na tunawe kabla ya kula.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTENGENEZA

Gari likishusha mbolea, lioshwe siku ile ile. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe kwa kijiti. Matope yasiachwe ndani ya madigadi. Mikwaruzo ipakwe rangi mapema. Ndani ya chesisi inyunyiziwe mafuta safi ya kuzuia kutu au nta. Tuache desturi ya kupaka oili chafu ya injini: ina sumu ziwezazo kuleta saratani ya ngozi, huharibu mipira, na hudondokea udongo wetu.

WAJIBU NI WA NANI?

Kuosha na kutoa habari ni kazi yetu. Lakini sabuni, rangi, kinyago na bati jipya ni gharama ya mwenye gari. Dereva asibebeshwe lawama ya chesisi iliyovunjika ikiwa alitoa habari mapema. Kwa hiyo kila tatizo liandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepokea habari. Neno la mdomo husahaulika.

Nchini Uganda, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Tena Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi alindwe asiadhibiwe anapojiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu za haki. Chesisi iliyooza chini ya watu kumi ni sababu ya haki. Rangi mpya juu yake isitudanganye.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Je, gari linalotubeba lilikaguliwa chini lini, na nani?
2. Nani ana daftari la matatizo ya gari, na je, linasomwa?
3. Mafundi wetu wana vinyago? Kama hawana, tawi litachukua hatua gani mwezi huu?