Safari ya Tufe katika Latitudo ya 60° Kaskazini

Mwanafunzi huandika mara nyingi katika mtihani kwamba kadiri mahali palivyo mbali na Ikweta, ndivyo palivyo na baridi zaidi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Njia nyepesi ya kuijaribu ni kusafiri kwa kidole juu ya tufe bila kuiacha latitudo moja.

Na ichaguliwe latitudo ya 60° Kaskazini. Uzi ukizungushwa juu yake, kisha mwingine juu ya Ikweta, itaonekana kuwa wa kwanza ni nusu ya wa pili: kilomita 20,000 kwa 40,000, kwa kuwa kosaini ya 60° ni 0.5. Digrii moja ya longitudo, ambayo kwenye Ikweta ni kilomita 111, hapa ni kilomita 56 tu.

Katika duara hili lote jua ni lile lile. Mwishoni mwa Desemba hupanda adhuhuri digrii 6.5 tu juu ya upeo wa macho, na mchana hautimizi saa 6. Mwishoni mwa Juni mchana hukaribia saa 19. Lau jua lingekuwa sababu pekee, majira ya baridi yangefanana kote.

Hayafanani. Huko Bergen, Norway, wastani wa halijoto ya Januari ni juu kidogo ya 0°C, na bandari haigandi. Kidole kikielekea mashariki hupita Oslo na Helsinki hadi St. Petersburg, ambako Ghuba ya Finland huganda na meli hufunguliwa njia na meli za kuvunja barafu. Ng'ambo ya milima ya Ural baridi huzidi. Mjini Yakutsk, kaskazini kidogo ya mstari, kando ya mto Lena, wastani wa Januari ni chini ya -35°C. Udongo wa chini hauyeyuki hata wakati wa kiangazi. Majumba hujengwa juu ya nguzo, joto lake lisije likaiyeyusha ardhi nayo yakatitia.

Kiini cha tofauti hiyo ni maji. Kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja huhitaji joto takriban mara tano ya lile la kilo moja ya mwamba. Bahari basi huweka akiba ya joto la kiangazi na kuitoa polepole, na katika latitudo hizi pepo huvuma zaidi kutoka magharibi. Bergen hupata hewa ya Atlantiki, iliyopashwa pia na mkondo utokao upande wa Ghuba ya Mexico. Vitabu vingine huutaja mkondo huo peke yake. Ni kosa kuusahau upepo. Magadan nao ni mji wa pwani, lakini upepo wake wa majira ya baridi hutoka bara la Siberia, na bahari yake huganda. Ng'ambo ya Pasifiki, bandari ya Seward huko Alaska, inayopata hewa ya baharini, haigandi.

Nchini Kanada mstari huu ni mpaka: majimbo manne ya magharibi huishia hapo upande wa kaskazini. Kisha huja Ghuba ya Hudson, iliyofunikwa na barafu kwa miezi mingi, na ncha ya kusini ya Greenland, ambako mkondo baridi kutoka Aktiki huleta mapande ya barafu. Kutoka hapo hadi visiwa vya Shetland ni digrii 43 za longitudo, yaani takriban kilomita 2,400. Na huko wastani wa Januari hufikia 4°C.