Zamu, Wala Si Mizani: Masomo ya Uzamili kwa Njia ya Mtandao katika Familia ya Askari

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kujadili hali ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayesoma kwa njia ya mtandao huku akiwa na familia, kazi ya mshahara na maisha ya jeshi, ama kwa kuwa yeye mwenyewe ni askari, ama kwa kuwa ameoa au ameolewa na askari. Mwanafunzi wa aina hii si mgeni tena katika idara zetu za Kiswahili. Jina lake limo katika orodha ya darasa, sauti yake husikika mara mojamoja katika mhadhara wa jioni, kisha hupotea muhula mzima. Anaporejea huulizwa swali moja: kwa nini alishindwa kusawazisha majukumu yake?

Tunahoji kwamba swali hilo limejengwa juu ya sitiari isiyofaa. Kitenzi kusawazisha hutuletea taswira ya mizani: masomo upande mmoja, nyumba upande wa pili, na mtu katikati akijitahidi pande zote zilingane kila siku. Maisha ya askari hayaruhusu ulinganifu huo. Kiswahili kina dhana nyingine inayoyafaa zaidi maisha hayo, nayo ni zamu.

Kutoka Posta hadi Mtandao

Kusoma mbali na darasa si jambo jipya nchini Kenya. Mnamo mwaka 1967, Nairobi ilipokuwa bado chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta, kilichotumia maandishi pamoja na vipindi vya redio. Walimu wa shule za msingi walikuwa miongoni mwa walionufaika. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya elimu kwa wanafunzi wa nje. Jirani zetu wa Tanzania walipitisha sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kilihamishia makao yake Nairobi mwaka 2002. Nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, janga la korona likavilazimisha vyuo vingi kuingia mtandaoni mwaka 2020, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapewa hati yake mwaka 2023.

Historia hii inaonyesha ushindi mkubwa juu ya masafa. Mwanafunzi aliye Garissa au Nanyuki aweza kumsikiliza mhadhiri aliye Nairobi bila kupanda gari. Hata hivyo, ushindi dhidi ya masafa haukuwa ushindi dhidi ya wakati. Barabara imefupishwa lakini saa za siku hazikuongezwa. Tena, darasa lililokuwa na mlango wake sasa limeingia jikoni na chumbani, na mwanafunzi hawezi kumwambia mtoto kwamba mama ametoka ilhali anamwona ameketi mbele ya tarakilishi.

Hesabu ya Wiki Moja

Ni muhali kuujadili wakati pasi na kuuhesabu. Wiki ina saa 168. Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya upili anayesomea uzamili wa fasihi ya Kiswahili. Akilala saa 8 kila siku, zitaondoka saa 56. Kazi pamoja na safari ya kwenda na kurudi, saa 10 kwa siku 5, ni saa 50. Shughuli za nyumbani, yaani upishi, usafi na malezi, saa 5 kwa siku, ni saa 35. Ibada, jamaa na mapumziko tuyape saa 12. Jumla ni saa 153. Zimebaki saa 15 za masomo, na kwa mwanafunzi mwenye nidhamu hizo zatosha kusoma na kuandika.

Sasa tuseme mwenziwe ni askari na ametumwa kazini mbali. Tangu Oktoba mwaka 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, familia nyingi za kambini zimeifahamu hali hii. Majukumu aliyokuwa akiyatekeleza aliyeondoka humwangukia aliyebaki. Yakiwa saa 2 tu kwa siku, kwa wiki ni saa 14. Mwanafunzi wetu aliyekuwa na saa 15 amebaki na saa 1. Hapa hakuna uvivu wala ukosefu wa mpango. Ni kutoa na kujumlisha. Na hesabu hii haijagusa usiku wa kukosa usingizi kwa sababu simu haikulia.

Mwandishi wa makala haya anaieleza hesabu hiyo kwa kuwa aliiishi. Ni mwalimu, ni mama wa mtoto mmoja, na mumewe ni askari. Katika mwaka wake wa pili wa uzamili, mume alipokuwa kazini nje ya nchi, alikosa siku ya kulitetea pendekezo lake la utafiti. Hakuwa ameomba kuahirisha. Kwa majuma tisa hakumwandikia msimamizi wake hata barua pepe moja, kwani kila usiku alijiambia kwamba kesho atasawazisha mambo. Mume alipopata nafasi ya kupiga simu alisikiliza maelezo yote, kisha akasema, “Mama Imani, mlinzi haachi lindo. Hukabidhi.” Kauli hiyo ndiyo chimbuko la mjadala huu.

Dhana ya Zamu

Methali zetu zinaonya sana dhidi ya kushika mambo mawili. Mshika mbili moja humponyoka. Njia mbili zilimshinda fisi. Msomaji wa haraka ataziona kuwa hukumu dhidi ya kila mwanafunzi mwenye familia na kazi. Lakini tukizitazama kwa makini, kosa la fisi lilikuwa kutaka kupita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Methali haikusema kwamba angeshindwa kupita moja leo na nyingine kesho. Kwa upande mwingine, haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Methali hizi zinatambua kazi inayokatizwa na kurudiwa mpaka ikamalizika.

Neno zamu lina maana mbili zinazokaribiana: nafasi ya mtu katika mpangilio wa kupokezana, na kipindi cha kulinda. Lindo la kambini linazikutanisha maana zote mbili, na lina sifa tatu zenye manufaa kwa mjadala wetu. Kwanza, zamu ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Pili, zamu ina mpokezi. Hakuna askari anayetarajiwa kulinda siku zote peke yake. Tatu, zamu ina makabidhiano: anayeondoka humweleza anayeingia hali ilivyo, kilichotokea na kinachohitaji kuangaliwa. Asiyekabidhi huhesabiwa kuwa ametoroka, hata kama alikuwa amechoka kweli.

Fasihi Iliyozaliwa Nyumbani

Je, fasihi yetu ina mifano ya watu walioipa kalamu zamu yake katikati ya majukumu? Mwana Kupona binti Msham ni mfano wa kwanza. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Kwa maneno mengine, nyumba yake ilikuwa nyumba ya vita. Alimtungia bintiye utenzi wake mashuhuri mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na akafariki mwaka 1860. Hakungoja nyumba itulie ndipo atunge. Aliyageuza malezi yenyewe kuwa maudhui.

Shaaban Robert ni mfano wa pili. Aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akafanya kazi ya ukarani katika idara ya forodha na baadaye katika idara nyingine, huku akiandika. Utenzi wa Hati aliuelekeza kwa bintiye, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapa pia nyumba na kalamu zilikutana.

Hata hivyo, tusiwasifu hawa kwa namna itakayowaumiza walio hai. Mwana Kupona hakuwa na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha sura ya tatu, wala Shaaban Robert hakutozwa karo ya muhula aliokosa kuandika. Mfano wao unathibitisha kwamba maisha yenye majukumu yanaweza kuzaa elimu. Hauthibitishi kwamba kila mwenye majukumu anaweza kuzaa elimu bila msaada.

Zamu ya Nani Huja Kwanza?

Swali gumu zaidi limo ndani ya nyumba. Mume na mke wanapotaka kusoma, mara nyingi zamu ya mmoja hutangulia bila kujadiliwa, kwa hoja kwamba shahada yake italeta cheo. Yule wa pili huambiwa asubiri kidogo. Kusubiri kusiko na tarehe si zamu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyesubiri miaka minane hukuta kanuni za chuo zimebadilika, msimamizi amestaafu na mada yake imeandikiwa na wengine.

Yafaa hapa kuitazama Marekani, ambako elimu ya askari imepangwa kisheria kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1944 iliwasaidia askari waliorejea vitani kusoma, na mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Maryland kilipeleka wahadhiri Ujerumani kuwafundisha wanajeshi waliokuwa huko. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Agosti 2009, ilikwenda mbali zaidi: askari aliyetimiza masharti ya utumishi aweza kuhamishia haki yake ya kulipiwa masomo kwa mwenziwe wa ndoa au watoto wake. Hatudai kwamba utaratibu huo hauna kasoro. Tunachosema ni kwamba umekiri jambo muhimu: familia nayo hulipa gharama ya utumishi, hivyo yastahili zamu yake ya kusoma.

Mapendekezo

Kwa mwanafunzi, tunapendekeza mambo manne. La kwanza, apange mwaka wake kwa vipindi badala ya siku. Kipindi ambacho mwenzi yupo nyumbani kiwe cha kazi nzito: kuandika sura na kutetea pendekezo. Kipindi ambacho mwenzi hayupo kiwe cha kazi nyepesi inayoweza kukatizwa: kusoma riwaya moja, kunukuu, kupanga marejeleo. La pili, aombe kuahirisha masomo kabla ya kuzidiwa, kwa maandishi, akitaja muhula atakaorejea. La tatu, akabidhi. Barua fupi kwa msimamizi yatosha: nimefika hapa, jambo hili bado, nitarudi tarehe fulani. Aidha, aache ndani ya faili yake maelezo ya hatua inayofuata, ili anaporejea asipoteze majuma mawili akijitafuta. La nne, aliye askari achague mada ambayo data yake hupatikana maktabani, kama vile uhakiki wa tamthilia au ushairi. Utafiti wa nyanjani huhitaji kibali cha utafiti, na mada inayogusa kazi yake ya jeshi itahitaji pia idhini ya wakubwa wake. Vyote viwili huchukua muda ambao uhamisho wa ghafla unaweza kuufuta.

Kwa idara zetu, tunapendekeza mihadhara irekodiwe, kikao cha kutetea pendekezo kiruhusiwe kwa njia ya mtandao, na utaratibu wa kuahirisha ufafanuliwe siku ya kwanza ya usajili badala ya siku mwanafunzi anapotishiwa kufutwa. Msimamizi naye ana zamu yake: sura iliyoletwa kwa taabu isikae mezani miezi mitatu bila kusomwa.

Huenda wapo watakaosema kwamba dhana ya zamu ni kichaka cha kujifichia wavivu. Tunawajibu kwamba zamu ni kali kuliko mizani. Anayejitetea kwa mizani aweza kusema daima kwamba anajitahidi. Mwenye zamu ana saa ya kuingia lindoni, na saa hiyo ikifika kila mtu atajua kama yupo au hayupo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi wa uzamili katika familia ya askari hasaidiwi na wito wa kusawazisha kila kitu kila siku. Anasaidiwa na mpango wa kupokezana unaofahamika kwa mwenzi wake, msimamizi wake na mkuu wake wa kazi. Mwandishi wa makala haya alilitetea pendekezo lake muhula uliofuata, mume akiwa amerejea na mtoto akiwa mgongoni mwa babake nje ya mlango. Sasa anaandika sura ya nne. Wamekwisha kuandika katika kalenda ya ukutani tarehe ambayo zamu ya kusoma itahamia kwa mume, na ahadi ni deni.