Presha Ipimwe Kabla Kifua Hakijauma

Misuli ya moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe ya damu. Kadiri miaka inavyokwenda, mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo na njia hupungua. Mafuta hayo yakipasuka, damu huganda papo hapo, mshipa huziba na sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Huja ghafla, lakini safari yake huwa imeanza zamani.

Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walianza kuwafuatilia wakazi wa mji wa Framingham kwa miaka mingi. Waliougua moyo, ilibainika, mara nyingi walikuwa na presha ya juu, lehemu nyingi au walivuta sigara. Kisukari, unene wa tumbo na kukaa kutwa bila kutembea navyo vimo. Umri na ukoo hatuvibadilishi, ila mwenye baba au kaka aliyepatwa angali kijana awahi zaidi kupima.

Tuanze na presha, maana ndiyo inayotudanganya. Wapo wanaosema, “Yangu naijua, ikipanda kichwa kinagonga.” Wengi wenye presha hawasikii chochote, hivyo mashine pekee ndiyo ya kuaminiwa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, unahitaji matibabu. Ukianza dawa na kipimo kikashuka, usiseme umepona ukaacha vidonge: vidonge ndivyo vilivyoishusha. Kama vinakusumbua, mwambie daktari akubadilishie. Na vya jirani mwachie jirani.

Jikoni, chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Kuiondoa mezani ni mwanzo mzuri, ingawa wazee watanuna wiki ya kwanza. Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 za wiki. Anayeacha sigara hupata faida mapema: baada ya mwaka 1 hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Dalili zenyewe za shambulio la moyo ni kifua kubana au kulemewa, maumivu yanayokwenda mkononi, mgongoni au tayani, jasho jembamba, pumzi kukatika. Mwanamke au mwenye kisukari huenda akahisi uchovu na kichefuchefu tu. Maumivu yakiwa kwenye chembe cha moyo, wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Msingoje kupambazuke. Mgonjwa asiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama njia nzima analalamika kwamba ni gesi tu.