Kuchimba Chini ya Daraja

Watu wengi hudhani ya kuwa daraja husimama kwa nguvu ya mawe na zege peke yake. Sivyo. Uzito wa daraja, pamoja na wa magari na ng'ombe wapitao juu yake, hushuka kwa nguzo mpaka kwenye msingi, nao msingi huulalia udongo. Udongo wa chini huubeba msingi; ule wa kando huubana usiteleze. Basi achimbaye hapo huondoa sehemu ya daraja lenyewe.

Jambo hili lafaa lifikiriwe sana katika nchi ya Kenyenya na Ogembo, yenye vilima, udongo mwekundu wenye kina, na mvua ipitayo milimita 1,500 kwa mwaka. Mto Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, hujaa wakati wa masika. Shimo lililochimbwa siku za kiangazi ili kupata mchanga, au kupitisha bomba, hugeuka kuwa mlango wa maji, nayo huendelea kuchimba penyewe bila kuonekana. Mafuriko yakipungua, matope hulijaza shimo, na mpita njia huona pako salama.

Nchini Ureno lilikuwako daraja la Hintze Ribeiro, lililovuka Mto Douro tangu 1887. Mchanga ulichotwa mtoni humo miaka mingi. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, maji yakiwa mengi, nguzo moja ilianguka. Basi na magari matatu yakatumbukia, watu 59 wakafa. Mchanga wenyewe ulikuwa umekwisha kuuzwa zamani. Hapa Kenya mwongozo wa serikali wa 2007 ulikataza kuchota mchanga chini ya meta 100 kutoka darajani.

Lakini pengine kuchimba ni lazima, kama barabara ipanuliwapo. Hapo mhandisi hutafuta kwanza msingi umefika wapi. Ikiwa shimo litashuka chini yake, huchimbwa kwa vipande vifupi, kimoja kimoja, kila kipande kikitiwa zege na kuachwa kishike kabla ya kufungua kingine. Kuta za shimo huzuiwa kwa mbao au mabamba ya chuma. Alama hutiwa kwenye nguzo na kupimwa kila siku. Zikionekana zimeshuka, au ufa umepanuka hata kidogo, wachimbaji hutoka mara moja na daraja hufungwa, ijapokuwa ni siku ya soko.