Saratani si kila uvimbe

Wagonjwa wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hudhani kila uvimbe ni saratani. Mama akiambiwa ana uvimbe wa kawaida wa kizazi, hulia kama aliyehukumiwa kifo. Mwingine ana kinundu kwenye titi, na kwa kuwa hakiumi, hukaa nacho mwaka mzima. Wote wawili wamekosea, lakini kosa la huyu wa pili ndilo linaloua.

Neno saratani limetoka katika Kiarabu na maana yake ni kaa, kama hawa wa kwenye mikoko yetu. Wagiriki wa kale pia waliuita ugonjwa huu kaa, kwa vile mishipa iliyotokeza kuuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu yake.

Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli hufuata maagizo ya jeni zake: igawanyike lini, ikome lini, ife lini. Maagizo hayo yakiharibika, seli huzaana ovyo. Uvimbe wa kawaida hukua papo hapo ulipo. Seli za saratani hupenya nyama ya jirani, huingia katika damu na kwenda kuota kwenye ini, mapafu au mifupa. Kwa kawaida huhitajika hitilafu kadhaa zinazokusanyika kwa miaka, ndiyo sababu wazee huugua zaidi.

Vipi basi kuhusu watoto? Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuchunguza watoto waliovimba taya. Baadaye alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini akiulizia ugonjwa huo, akabaini kuwa hupatikana zaidi penye joto na mvua, ukiwemo ukanda wa pwani yetu. Mwaka 1964, watafiti Epstein, Achong na Barr wa London walikuta virusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda.

Je, saratani huambukiza? La. Virusi hivyo vimo katika miili ya watu wazima karibu wote duniani, na wengi wao hawaugui saratani. Malaria ya mara kwa mara utotoni huchochea seli fulani za kinga zigawanyike mno. Katika kugawanyika huko, jeni iitwayo MYC huweza kuhamia mahali pasipo pake, ikawa inaamuru seli izaane bila kikomo. Kumtengea mgonjwa kikombe na sahani ni kumtesa bure.

Saratani ya mlango wa kizazi nayo huanzishwa na virusi, HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Virusi huambukiza, saratani yenyewe haiambukizi. Chanjo ya kuvizuia, kwa wasichana wa kuanzia miaka 10, ilizinduliwa hapa Mombasa Oktoba 2019.

Uvimbe wa Burkitt hukua haraka ajabu, hata kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahiwa. Kwa hiyo mtoto akivimba taya na meno yakalegea, usikimbilie kumng'oa jino. Foleni ya feri isikuzuie: mvushe hadi Hospitali Kuu ya Pwani, akatwe kipande kidogo cha uvimbe kipimwe kwa darubini. Wapo wanaosema kisu huitawanya saratani, nami nimechoka kuwajibu. Bila kipande hicho daktari hubahatisha tu, na dawa za Burkitt si za kubahatisha.