Bonasi ya Oktoba ni ya Nani?

Masomo: Yakobo 5:1-4, Mithali 31:10-31

Somo hili nililitoa kwanza kwa mkutano wa wanaume hapa Imenti Kusini, na mchungaji akaniambia niliandike. Mimi si msomi, ni mkulima wa chai.

Ninyi wa upande wa chini mnaolima mahindi na ndengu huenda hamjui chai inavyolipa. Kila mwezi tunapata malipo madogo ya kilo tulizopeleka. Hesabu za mwaka zinafungwa Juni, na karibu Oktoba inakuja bonasi, pesa ya mkupuo. Inaingia kwa mwenye namba ya mkulima, na namba inafuata shamba. Mashamba yalipopimwa, jina lililoandikwa mara nyingi lilikuwa la mwanamume. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Meru, na za Embu pia, bonasi ni ya baba.

Sasa, anayechuma ni nani? Kwangu alikuwa mama watoto. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwa umande, karatasi ya nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi. Jioni anangoja lori kituoni, siku zingine mpaka saa tatu usiku, ndio aje kupika. Kazi yangu ilikuwa kusoma risiti.

Oktoba moja bonasi ikaingia. Binti yetu, kidato cha tatu, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilishuka Nkubu nikisema nitarudi jioni. Nilirudi siku ya tatu na kilo mbili za nyama na blanketi moja. Msidhani ni pombe, nilikuwa nimeokoka. Nilikuwa nimemdhamini rafiki mkopo wa pikipiki bila kumwambia mke wangu, na deni lilikuwa limeniangukia mimi. Yeye hakugombana. Alipika ile nyama, akapakua, akasema, "Baba, kesho sitachuma."

Nilicheka. Kesho yake nikaingia shambani mwenyewe. Kufika saa sita nilikuwa na kilo tisa, mgongo umekataa kunyooka, na kule kituoni karani akatupa karibu nusu kwa kuwa nilichanganya majani yaliyokomaa. Yeye huleta kilo thelathini na hakuna linalotupwa.

Usiku huo nilifungua Yakobo. Andiko hilo nimelihubiri mara nyingi, na kila mara nilikuwa nawaona matajiri wa Nairobi. Yakobo anasema pesa waliyonyimwa wavunaji haikai kimya, Mungu anaisikia. Mimi nina ekari moja na robo. Lakini mvunaji wangu alikuwa amelala pale kando yangu, na mshahara wake nilikuwa nimeulipia pikipiki ya mtu.

Halafu hii Mithali 31 tunayowasomea kina mama siku yao. Tunapenda pale anapoamka usiku kungali giza. Mstari wa 16 ananunua shamba, tunaupita haraka. Mstari wa mwisho unaagiza apewe matunda ya kazi yake, na hapo mhubiri tayari ameshafunga Biblia.

Mtu atasema mume ni kichwa, Waefeso 5:23. Ni kweli, nami sikiondoi. Ila soma mpaka 25, uone kichwa chenyewe kilitoa nini.

Mwaka uliofuata tulienda kiwandani pamoja, akapata namba yake, nikamhamishia mashina 900. Nilipowashuhudia ndugu zetu wa Kianjokoma, kule Embu, mzee mmoja aliniuliza, "Na akishika zake, atakusikiza tena?" Nilimjibu ukweli: ananiuliza maswali mengi kuliko zamani. Bonasi yake ya kwanza alilipa karo, na iliyobaki akaongezea akiba ya chama chao akanunua ng'ombe. Hakuniuliza. Niliumia kidogo, sitadanganya. Maziwa ninakunywa.

Katika ushirika wa nyumbani Jumatano hii, wanaume wasome Yakobo kwa sauti, kina mama wasome Mithali mpaka mstari wa 31. Kisha kila nyumba iseme, bila kuficha, namba ya chai, ya kahawa au ya maziwa iko kwa jina la nani, na Oktoba iliyopita ile pesa ilienda wapi.