SIDIRIA ISIYO NA MIKANDA: FAIDA ZAKE, MADHARA YAKE NA LILE TUNALOLISAHAU



Huku kwetu Chidya, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Masasi mjini na wale wa Newala, mavazi hufuata korosho. Korosho zikishauzwa na pesa ikaingia mkononi, ndipo harusi zinapofuatana, na ndipo wachuuzi wa nguo wanapomwaga mizigo yao. Ndani ya mizigo hiyo zimo sidiria zisizo na mikanda ya mabegani. Mabinti wanazipenda, mama zao wanazitilia shaka, na baba akitajiwa bei anauliza iweje nguo iliyopungua iuzwe ghali kuliko nguo kamili.

Mimi ni tabibu, na kabla ya kusomea udaktari nilipitia madrasa. Baada ya msimu mmoja wa harusi alinijia binti wa miaka kumi na tisa akiwa na mama yake. Alikuwa amemsindikiza bibi harusi kwa siku tatu, na siku zote hizo amevaa sidiria ya aina hiyo. Kwa kuwa ilikuwa ikiteleza, aliibana mpaka kishikizo cha mwisho. Nilipomtazama nikakuta mstari mwekundu umezunguka kifua chote, na chini ya matiti ngozi imechubuka na inatoa majimaji. Mama akaniuliza, "Mwanangu, nguo hizi ni salama au tuzichome moto?"

Swali lake ndilo somo letu la leo. Tusihukumu kwa hasira, tupime.

INAFANYAJE KAZI

Neno sidiria lina mzizi wake katika neno la Kiarabu sadri, yaani kifua. Titi halina msuli ndani yake. Lina tezi za maziwa, mafuta, na nyuzi laini zinazolishikilia. Msuli wa kifua uko nyuma yake. Ndiyo maana titi kubwa hutikisika na kuuma mwanamke anapokimbia au anapolima bila kitu cha kulishika.

Katika sidiria ya kawaida kazi hiyo inagawanywa: ukanda unaozunguka kifua unabeba, na mikanda miwili ya mabegani inasaidia. Ukiondoa mikanda ya mabegani, mzigo wote unabaki kwa ule ukanda wa kifuani. Hauna pa kuning'inia, hivyo lazima ubane.

Bibi zetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Kanga iliyofungwa kifuani nayo haina mikanda. Inakaa kwa sababu imebana, na ikilegea mkono unakwenda kuifunga upya. Ukiwa umekaa barazani inatosha. Ukiwa na ndoo ya maji kichwani, ni tabu. Sidiria hii inafuata kanuni ileile, tofauti ni kwamba yenyewe imeongezewa mpira, vishikizo, na mara nyingi waya na utepe wa silikoni unaonata kwenye ngozi.

FAIDA ZAKE

Tuanze na wema wake, maana haki hutaka hivyo.

Kwanza, inapumzisha mabega. Wapo wanawake wenye matiti mazito ambao mikanda imewachimba mabegani mpaka imeacha mifereji. Kwao siku moja bila mikanda ni nafuu.

Pili, inamfaa mwenye tatizo begani: aliyeungua, mwenye kidonda, mwenye kovu lililonenepa na linalowasha, au aliyevunjika mfupa wa mtulinga. Mkanda ukipita juu ya sehemu hizo unatonesha.

Tatu, haionekani chini ya gauni lenye shingo pana. Hukumu ya gauni lenyewe inategemea umelivaa wapi na mbele ya nani. Hilo muulize shehe wako. Mimi nasema tu kwamba nguo ya ndani ambayo haichungulii nje ni bora kuliko mkanda unaoshuka mkononi kila dakika.

Nne, nyingi huuzwa na mikanda yake ya kuvua na kuvaa. Hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Mwanamke anatumia bila mikanda kwa saa chache za shughuli, kisha anairudisha.

MADHARA YAKE

Kwanza ni ngozi. Ukanda unaobana, joto na jasho vikikutana chini ya titi, ngozi husuguana na kulowa. Hapo fangasi hupata makazi. Dalili zake ni wekundu, muwasho, harufu, na wakati mwingine michubuko kama ya yule binti. Wenye kisukari na wenye miili mikubwa wako hatarini zaidi.

Pili ni mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Wapo wasiopatana na silikoni, gundi au mpira. Zile za kubandika, ambazo hazina hata ukanda, hushika kwa gundi, na zikibanduliwa kwa nguvu huondoka na ngozi. Zisibandikwe juu ya kidonda, wala kwa mama anayenyonyesha.

Tatu, haifai kwa kazi. Mwanamke anayeinama kutwa kuokota korosho, anayetwanga, au anayepandisha maji kilimani, anahitaji sidiria yenye mikanda mipana. Isiyo na mikanda itashuka, naye ataibana zaidi, na hapo tunarudi kwenye ngozi.

Nne, haimfai mama anayenyonyesha. Maziwa yakijaa, ukanda au waya unaokandamiza huweza kuzuia mtiririko wake. Titi likiwa jekundu mahali pamoja, likawa la moto na linauma, na homa ikapanda, hiyo si "jicho la mtu". Njoo zahanati mapema kabla halijawa jipu, na endelea kumnyonyesha mtoto.

Hapa niondoe dhana moja. Mabinti wengine wanaogopa kunyonyesha ili kifua kisishuke. Kinachoshusha matiti ni umri, idadi ya mimba, kuongezeka na kupungua uzito, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakumo, na hakuna sidiria, yenye mikanda au isiyo nayo, inayoweza kuzuia miaka isipite.

JINSI YA KUICHAGUA

1. Jipime kwa futi ya fundi cherehani, chini kabisa ya matiti, futi ikiwa sawa mbele na nyuma. Huo ndio ukubwa wa ukanda. Usinunue ndogo kwa kudhani itashika zaidi.

2. Ikiwa mpya, funga kishikizo cha nje, kile kinacholegeza zaidi. Ikae bila kuteleza hapo. Vya ndani ni vya baadaye, mpira utakapoanza kuchoka.

3. Ingiza vidole viwili chini ya ukanda. Viingie bila kulazimisha. Kama haviingii inabana. Kama mkono mzima unaingia, itaanguka.

4. Titi lote liingie kwenye kikombe, lisimwagike juu wala kwapani. Waya ukae kwenye mbavu, usikae juu ya titi.

5. Nyanyua mikono kama unayefunga takbira, inama kama unayerukuu, shuka kama unayesujudu. Ikibaki mahali pake, inakutosha. Ikishuka, iache dukani, maana utakuja kuivuta katikati ya swala na khushui itakutoka.

6. Ukiivaa, iwe kwa saa za shughuli. Ukirudi nyumbani, ivue. Usilale nayo ikiwa inakubana.

Na ya mtumba je? Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limeshapiga marufuku mitumba ya nguo za ndani, sidiria zikiwemo, kwa sababu ya afya. Lakini hata tusipotaja sheria, akili inatosha. Nguo hii nguvu yake yote ni mpira wa ukanda. Mpira uliovaliwa miaka na mtu mwingine umeshakufa. Unanunua nguo isiyoweza kazi yake, na huenda na fangasi wa mwenye nayo.

USAFI WAKE

Najua shida ya maji ya huku juu. Lakini sidiria haihitaji ndoo nzima. Bakuli la maji na sabuni, kisha bakuli mbili za kusuuza, zinatosha. Ioshe kila baada ya kuivaa siku ya joto, na uwe nazo mbili au tatu za kubadilishana.

Tatizo kubwa ninaloliona liko kwenye kuanika. Kwa haya, na haya ni jambo jema, wanawake wengi huficha nguo za ndani chini ya godoro au nyuma ya mlango, zinakaukia gizani nusu mbichi. Stara na usafi havigombani. Anika kwenye kamba penye hewa, kisha funika kwa kanga nyepesi. Itakauka, hakuna atakayeiona, na mpira hautaunguzwa na jua kali.

Ukioga, au ukimaliza ghusli, kausha chini ya matiti kwa kitambaa safi kabla ya kuvaa. Ngozi ikishaharibika, pumzika kuvaa sidiria ya kubana, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, na uje upewe dawa ya fangasi. Usipake krimu za dukani za kuchubua ngozi. Zinapunguza muwasho leo na kuulisha ugonjwa kesho.

LILE TUNALOLISAHAU

Sasa nimrudie yule mama. Nilipomaliza kumhudumia binti, nikamwambia kwamba nguo haina haja ya kuchomwa, ni kipimo tu kilichokosewa. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akamtuma binti nje akanunue maji, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi ninacho kitu hapa."

Kilikuwa uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, mgumu kama korosho mbichi, na hauumi. Alikuwa nao miezi minane. Majirani walimwambia umeletwa na sidiria, hivyo akaacha kuvaa sidiria na kusubiri upotee. Haukupotea. Ndani ya titi lake alikuwa na jambo zito, na kwa miezi minane alikuwa akitibu nguo.

Ndugu msomaji, dhana kwamba sidiria inaleta saratani ya matiti ilipata nguvu kutokana na kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1995. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, mjini Seattle hukohuko Marekani, walitoa majibu ya utafiti wao. Walilinganisha wanawake zaidi ya 1,000 waliopata saratani ya matiti na wengine zaidi ya 400 wasiokuwa nayo, wote wa umri wa miaka 55 hadi 74. Waliwauliza walianza kuvaa sidiria lini, kwa saa ngapi kwa siku, yenye waya au isiyo na waya. Hawakuona uhusiano wowote na saratani.

Kwa hiyo sidiria inaweza kukuharibia ngozi. Haiwezi kukupa saratani, na kuivua hakuondoi uvimbe.

Ichukue basi saa ya kuvua sidiria iwe saa ya kuufahamu mwili wako. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kukatika, tazama na papasa matiti yote mawili mpaka kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu au majimaji kwenye chuchu, au kidonda kisichopona, usisubiri mwezi wa pili. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini anayeweza kusema hivyo ni aliyekupima, si jirani. Na kutokuuma si dalili ya usalama.

Anza zahanati iliyo karibu nawe. Ikihitajika utapelekwa hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, Ndanda, au mbele zaidi mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ukiona haya, omba kupimwa na mhudumu mwanamke, au ingia na mumeo au ndugu yako wa kike. Asipokuwepo mwanamke, wanazuoni wameruhusu kutibiwa na mwanamume kwa kiasi cha haja.

Nanyi akina baba, msiseme ukurasa huu haukuwa wenu. Mkeo akikwambia ana kitu kifuani, usimuulize alivaa nini. Muulize gari la Masasi linaondoka saa ngapi, na nauli uitoe leo.

Yule mama alikwenda. Uvimbe wake uligundulika kuwa saratani, na matibabu yake yanaendelea. Binti yake amepona ngozi, na sidiria yake bado anayo, yenye mikanda ya kuvua na kuvaa. Kila mwezi anajipapasa, na anamkumbusha shangazi yake naye afanye hivyo.

Tumuombe Mwenyezi Mungu ampe mama yetu shifaa, na atupe sisi akili ya kuwahi.

Wabillahi tawfiq.